Ustadi Usiwazibe Macho

Wanangu, kazi ya sanaa ikisifiwa na wakubwa msiimeze nzima, na ikilaumiwa msiitupe kabla ya kuiona. Nawaambia haya nikiwa na The Searchers akilini, filamu ya kauboi aliyoiongoza John Ford mwaka 1956.

Kisa kinaanzia Texas, mwaka 1868. Ethan Edwards, aliyepigana upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anarejea kwa nduguye. Wakomanche wanaivamia nyumba hiyo, wanaua na kumteka binti mdogo, Debbie. Ethan anamsaka miaka na miaka, lakini chuki inamla hadi anadhamiria kumuua binti huyo kwa sababu tu amekulia kwa Wakomanche.

John Wayne, anayemwigiza Ethan na aliyezoeleka kuwa shujaa, hapa hatafuti kupendwa. Mtazameni kwenye ngome ya jeshi, baada ya kuonyeshwa mateka wa kizungu waliorukwa na akili. Anageuka, kamera inamsogelea, na chuki yote inasomeka usoni. Mtazameni pia mwigizaji Ward Bond akinywa kahawa huku Martha, mke wa nduguye Ethan, akilipapasa koti la shemejiye. Bond amekwisha kuona, lakini anakaza macho mbele kama asiyejua lolote. Siri ya nyumba nzima imetoka bila mtu kufungua kinywa. Ninyi mnaoigiza, someni hapo.

Kisha tazameni upande wa pili. Scar, chifu wa Wakomanche, ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Wanavajo, ambao filamu ilipigwa kwenye ardhi yao ya Monument Valley, wamegeuzwa Wakomanche wa kujaza uwanja. Look, mwanamke anayeolewa kwa kutoelewana na Martin, kijana anayemsaka Debbie pamoja na Ethan, anapigwa teke na kubingirika mteremkoni ili watazamaji wacheke. Baadaye anakutwa maiti katika kijiji kilichoshambuliwa na askari wa serikali, na filamu inataka tumsikitikie mtu yuleyule iliyomfanya kichekesho.

Scar naye ana uchungu wake: wanawe wawili waliuawa na wazungu. Anautaja kwa maneno machache, basi. Uchungu wa Ethan umepewa karibu saa mbili. Dhuluma ya filamu hii iko hapo, kwenye mgawanyo wa muda. Ford alijua kwamba adui naye amefiwa, akaridhika kulipitia jambo hilo juujuu.

Kwa hiyo, wanangu, kila mnapotazama kazi yoyote, pimeni kilio cha nani kimepewa nafasi na cha nani kimekatizwa. Ustadi wa Wayne na Bond uchukueni, ni urithi wa kila mwigizaji. Na siku mtakaposhika kamera wenyewe, mpeni adui wa hadithi yenu muda wa kutosha kuwalilia wafu wake. Hadithi yenu haitapungua nguvu kwa hilo; itakuwa ya kweli zaidi.