Sifuri katika Daftari

Yasemwa kwamba mwenye kutazama ndege na vipepeo hana kazi. Neno hilo nasi tulilisema zamani, wala hatukuona haya. Leo twataka kuuliza swali lililotujia kwa ajili ya watu wa namna hiyo: mtu akiwa peke yake njiani, wala hapana shahidi, je, yampasa kuandika kwamba hakuona kitu?

Huko Uingereza, baridi ikiisha na miti ianzapo kuchipua, wako watu ambao kila wiki hupita njia ile ile kando ya mashamba, wakihesabu vipepeo. Kazi hii iliwekewa utaratibu mwaka 1976, nayo ingali ikiendelea. Tangu tarehe 1 Aprili hata mwisho wa Septemba ni wiki 26. Mwenye kuhesabu haendi huku na huku kufuata apendacho. Huenda polepole, akihesabu tu wale walio karibu, meta mbili na nusu upande wa kuume, mbili na nusu upande wa kushoto, na tano mbele yake. Kipepeo mzuri akiwa mbali ya hapo, hahesabiwi. Mvua ikinyesha, mtu hatoki.

Sasa fikirini siku moja ya Aprili. Jua lawaka, upepo umetulia, mtu amepita njia yake yote, asione hata kipepeo mmoja. Ajua sana kwamba wamo, maana jana mtoto wake alimwona mmoja bustanini. Je, akiandika mmoja, amemdhulumu nani?

Hali hiyo twaijua kuliko tupendavyo. Siku za ualimu wetu, Jumapili moja ya masika, mvua ilinyesha tangu alfajiri, wakaja ibadani watu 11. Katika daftari tukaandika 30, tukijiambia kwamba ndio wangalikuja kama si mvua. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona kwamba twawatetea washarika wetu. Kumbe mto ulikuwa umejaa, na watu wa ng'ambo hawakuwa na daraja. Naye aliyelisoma daftari lile baadaye angalijuaje? Aliona 30, akaridhika.

Basi twajibu kwamba adhulumiwaye ni yule atakayesoma. Hesabu ya mtu mmoja ya wiki moja ni kitu kidogo. Ikiwekwa pamoja na za wenzake na za miaka iliyopita, ndipo hujulikana kama aina fulani yapungua. Mwenye huruma aandikaye mmoja pasipo mmoja huwaficha wale wanaokwisha. Tena liko jambo katika utaratibu wao lililotupendeza sana. Wiki ambayo mtu hakwenda, kwa ugonjwa au kwa uvivu, haandiki sifuri. Mahali pake huachwa patupu. Maana "sikuona" si sawa na "sikwenda". Ni wangapi miongoni mwetu huyatenga maneno hayo mawili, tunapotoa habari za nyumba ya jirani?

Twamkumbuka kasisi mmoja, Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, akafa huko huko mwaka 1793. Alivizungukia vilima na vijia vya kijiji kile mwaka hata mwaka, akiandika aliyoyaona. Vijidege vitatu vyenye kufanana sana alivitenga kwa kuzisikiliza sauti zao. Walakini katika habari za mbayuwayu alikosea. Hao hutoweka kabla ya baridi, nao huonekana tena mwezi wa Aprili. Ndugu yake, aliyekuwa kasisi huko Gibraltar, alimpasha habari kwamba ndege hao huvuka mlango wa bahari pale. White alikubali kwamba wengi husafiri; lakini moyo wake uling'ang'ania tumaini la kwamba baadhi yao hulala usingizi mashimoni, papo hapo kijijini, mpaka miti ichipue. Akatuma watu wapekue vichaka na mashimo. Hawakupata hata mmoja. Naye hakuandika kwamba walipata.

Hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Ushahidi wa ndugu yake ungalimtosha mtu asiyelipenda mno wazo lake (na sisi wahubiri twajua kupenda mawazo yetu). Lakini angalieni: alishindwa kuliacha wazo, ila hakulitafutia ushahidi wa uongo. Kosa la kwanza liliweza kusahihishwa na waliomfuata. La pili lingaliharibu kila ukurasa wa kitabu chake cha mwaka 1789, kwa kuwa nani angalijua ni lipi aliloliona na ni lipi alilolitamani?

Tena iko sababu ya kumwonea huruma. Yuko kipepeo wa manjano arukaye mapema sana katika majira hayo. Huyo kweli hulala baridi yote, amejificha katikati ya majani, akaamka siku za kwanza zenye joto. Asubuhi moja ya Aprili mtu aweza kumwona yeye pamoja na mbayuwayu juu ya kichaka kimoja. Mmoja ametoka hatua chache tu, mwingine ametoka Afrika, na macho peke yake hayawezi kusema ni yupi.

Mwaka 1911, huko Cheadle katika Staffordshire, mbayuwayu mmoja alivikwa pete nyepesi mguuni. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, kusini mwa Afrika, na barua ikapelekwa Uingereza, imeandikwa namba iliyoonekana kwenye pete.