Nenda Jumuiyani Ukiwa Huna Shida



Wanangu, nasikia mnavyoulizana: kama Jumapili nimesali Misa, Jumuiya Ndogo Ndogo ya nini tena? Wengine mnasema ni mambo ya wazee na kina mama, na kwamba kila ukienda unakutana na mchango. Neno langu kwenu ni moja: nendeni jumuiyani siku ambayo hamna shida na mtu.

Daftari la mahudhurio halifichi kitu. Jina la kijana huanza kuonekana ndoa ikikaribia, au mtoto akitaka kubatizwa, kwa sababu parokiani wanadai barua ya jumuiya. Barua ikishapatikana, jina halionekani tena. Mwenyekiti wa jumuiya akiombwa amshuhudie mtu asiyemfahamu, ataandika nini?

Babu zetu hapa Ufipa walijua kulima matuta ya duara. Mvua zikikaribia kwisha, majani marefu yalifukiwa chini ya udongo yaoze, na mazao ya msimu uliofuata yakashiba mbolea hiyo. Jioni zile za jumuiya ambazo mnaona hazina faida ndizo majani hayo.

Angalieni jioni hizo zinavyokuwa. Kaya chache za mtaa mmoja husali kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Mwenyeji anafagia ua, wengine wanakuja na viti vyao, na ukifika mwezi wa sita kila mtu na koti lake, maana upepo wetu mnaujua. Inasomwa Injili ya Jumapili ijayo, kisha watu wanashirikishana Neno: mkulima, mwalimu, kijana wa bodaboda, kila mmoja kadiri lilivyomgusa. Yanafuata matangazo, na hapo huulizwa nani hakuja na kwa nini. Bibi wa nyumba ya kona hajaonekana wiki ya pili. Kesho yake watu wawili wanabisha hodi kwake. Kanisani, katikati ya umati, nani angejua kwamba bibi hayupo?

Hilo ndilo walilolitazama maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipoamua mwaka 1976 kwamba kujenga jumuiya hizi kuwe kazi ya kwanza ya kichungaji. Parokia ni kubwa, vigango viko mbali, na padre hawezi kufika kila mlango.

Lakini sisi tuna mfano wa zamani zaidi. Jimbo letu la Sumbawanga liliitwa Karema hadi 1969. Karema, kule chini ziwani Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walifika 1885, na miongoni mwa Wakristo wao wa mwanzo walikuwamo watu waliokombolewa utumwani, waliotenganishwa na koo zao. Adrian Atiman naye alitekwa akiwa mtoto, huko karibu na Timbuktu. Akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Hakuwa na mjomba wala shangazi mahali pale. Akaoa hapo hapo, akatibu watu, akafundisha dini, na hakuhama mpaka alipofariki 1956. Mtu aliyeporwa ukoo alipata watu kwa sababu aliwatumikia.

Wewe unayepanda basi kwenda Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam, ukishuka stendi huna ukoo pia. Usingoje kuugua. Wiki ya kwanza uliza jumuiya ya mtaa huo inasali wapi na lini. Ukilala na homa chumbani, mwenye nyumba wako hana namba ya mama yako. Wanajumuiya watakuwa nayo.

Ukaribu nao una hatari zake. Mtu akieleza shida yake kwenye sala, ikafika sokoni kabla yake, hatafungua mdomo tena. Yaliyosemwa uani yaishie uani. Kuhusu michango, asiaibishwe asiye na fedha. Huyo ana mikono. Mwezi wa kwanza palizi ikimwelemea mjane, jembe lako ni mchango kamili. Wala msijifungie. Jirani Mmoraviani au Mwislamu akifiwa, mkachimbe kaburi, na mkeshe naye kama mnavyokesha na wenu.

Mwisho, uchaguzi wa viongozi ukifika, msikimbie mkipendekezwa. Wazee tunakumbuka nani ni wa nani, nani amelazwa, nani hasemezani na nduguye. Ninyi mnajua kuandika vizuri na kutuma ujumbe kwa simu. Kijana akiwa katibu na mzee mwenyekiti, yale tunayoyajua hayatazikwa pamoja nasi. Jumamosi hii njooni, hata kama hakuna barua mnayoitafuta.