Mwenye Motokaa na Mwenye Baiskeli

Twasikia ikisemwa kwamba njia ni ya wote, basi na wajibu ni sawa kwa wote. Kwa maneno ni uadilifu. Kwa vitendo sivyo. Mwenye baiskeli akikosea, aumiaye ni yeye. Mwenye motokaa akikosea, aumiaye ni yeye yule wa baiskeli. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Wawili hawa watapimwaje kwa pishi moja?

Huko Uholanzi, mwaka 1971, waliuawa njiani watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 katika hao walikuwa watoto. Wazazi wakaandamana, na katika miaka iliyofuata zikajengwa njia za baiskeli mbali na magari. Kanuni yao nayo yasema dereva akimgonga mwenye baiskeli hulipa yeye, ila athibitishe kuwa jambo lilikuwa nje ya uwezo wake. Na mtoto asiyetimiza miaka 14 hulipwa kamili hata akiwa na kosa, maadamu hakukusudia.

Wako watakaoiita hiyo dhulma kwa dereva. Sisi hatuoni hivyo. Aliyeileta hatari ndiye aichukuaye, kama afugaye mnyama mkali. Apandaye baiskeli usiku bila taa ana lawama (na vijana wetu wa namna hiyo ni wengi mno), lakini kosa lake halimhalalishii dereva kumpita shubiri moja kutoka begani, wala kupiga honi si ruhusa ya kumsukuma mchangani. Amngoje nyuma hata njia ipanuke, ijapokuwa atachelewa kivukoni.