Aliyeweka Vyote Mezani

Washarika wengi hatujawahi kukaa kwenye meza ya poka, na makala haya hayamwaliki mtu kuanza. Lakini mchezo huo wa karata una desturi moja ambayo inatufaa kujipima nayo.

Katika mashindano ya poka kila mchezaji huanza na chipu zilezile. Anayeishiwa hutoka, na kila anapotoka mmoja, waliobaki husogea karibu na zawadi kubwa. Hufika wakati mchezaji akasukuma mbele chipu zake zote. Tangu hapo hana la kufanya. Hawezi kuongeza wala kurudi nyuma, anangoja karata tu. Wawili waliobaki naye bado wangeweza kushindana wao kwa wao, lakini mara nyingi hawashindani. Kila mmoja hupita bila kuongeza dau mpaka karata ya mwisho ifunuliwe, kwa kuwa wawili wana nafasi kubwa kuliko mmoja ya kumtoa yule aliyeweka vyote. Kanuni za mashindano huwakataza kupatana kwa maneno. Ukimya haukatazwi.

Ndani ya mchezo ukimya huo hauna shida kubwa, maana wote watatu waliketi kwa hiari. Shida ni pale unapotoka mezani na kuingia mtaani kwetu.

Tuchukue mfano ambao mkazi wa Mkuyuni hahitaji kuelezwa sana. Mama mmoja fundi wa nguo amechukua mkopo wa kausha damu, na dhamana ni cherehani na friji. Marejesho yamemshinda. Vitu vinatolewa nje, dalali anaita bei, na sisi majirani tumesimama pale. Kila mmoja anajua thamani ya ile cherehani, na anajua kwamba tukishindana bei itapanda. Hakuna anayemnong'oneza mwenzake, tunatazamana tu. Mmoja anataja bei ndogo, wengine tunaangalia pembeni, tukijua kuwa kwenye friji naye atatuachia. Cherehani inakwenda kwa bei ya kutupa. Mama anabaki bila kazi, na deni bado analo.

Nani amekosa hapo? Mkopeshaji ana mkataba uliosainiwa, dalali amefanya kazi yake, mnunuzi ana risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kula njama katika zabuni, lakini nani atathibitisha macho yaliyotazamana?

Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, tuliyofundishwa wakati wa kipaimara, inafika mahali ambapo mahakama haifiki. Katika amri ya tisa inatufundisha tusiitafute mali ya jirani kwa hila, wala kuipata kwa kisingizio cha haki, bali tumsaidie aitunze. Na katika Katekisimo Kubwa Luther anaongeza kwamba amri hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi wanaojulikana, bali kwa waadilifu wanaojiona hawana doa. Yaani sisi wenye risiti. Torati nayo (Kumb. 24:6) inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani ya fundi ndiyo jiwe lake la kusagia.

Mmoja wetu atasema: "Mchungaji, na mimi nina watoto. Nisiponunua mimi atanunua mwingine, tena kwa bei hiyohiyo." Hoja hii ina uzito, na kununua kwenye mnada si dhambi. Dhambi ni kumhesabu jirani kuwa mshindani ambaye kutoka kwake kunatusogeza mbele. Katika poka mmoja akitoka, wengine wanapanda. Katika mwili wa Kristo kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia.

Aliyeweka vyote hawezi tena kujisemea. Wenye nafasi ya kusema ni sisi. Kabla ya mnada, wazee wa jumuiya wanaweza kwenda pamoja naye kwa mkopeshaji kuomba muda. Siku ya mnada, anayekitaka kitu na ataje thamani yake ya kweli, maana kila shilingi inayoongezeka inapunguza deni. Na jumuiya ikichanga ikainunua cherehani, imrudishie fundi, naye alipe kidogokidogo bila riba.

Jina la Mkuyuni linatukumbusha mti aliopanda Zakayo. Alikuwa mtoza ushuru, kazi iliyotambuliwa na watawala wa siku zile. Hata hivyo, Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakuuliza ni sheria gani aliivunja. Alianza kuhesabu cha kurudisha. Nasi tuhesabu: vitu tulivyonunua kimya kimya bado vimo nyumbani mwetu, na waliokuwa na vitu hivyo tunasali nao benchi moja.