Kusikiliza Nako Kunasomewa

Kama unasomea unasihi na hujaulizwa bado, utaulizwa tu: kushauri watu nako kunasomewa? Si kazi ya shangazi, shehe na mchungaji? Atakuuliza mjomba wakati wa likizo, atakuuliza mwenzako wa uhandisi mkiwa kwenye foleni ya chakula. Usijikunyate. Mjibu kwamba unasihi unasomewa, tena kwa jasho.

Waangalie bibi wa Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza nao mradi wa Friendship Bench huko Mbare, Harare. Bibi anaketi kwenye benchi nje ya zahanati na mtu aliyeelemewa na mawazo. Hawa ni wanawake waliozika na kulea, wanaoheshimiwa mtaani kwao. Busara walikuwa nayo tele. Hata hivyo walifundishwa kwanza: namna ya kumfanya mtu afunguke, kuchagua naye tatizo moja la kuanzia, kisha kumsaidia atafute njia yeye mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ikiwa bibi wale walikubali kufundishwa, wewe wa mwaka wa pili unaona haya ya nini?

Najua kinachokuchosha ni nadharia. Freud, Rogers, Ellis, Beck: unawakariri usiku wa kuamkia mtihani, wiki ya pili wameshayeyuka. Wasome upya, na kila mmoja umuulize alisikia nini kwa wagonjwa wake. Aaron Beck alifunzwa katika mkondo wa Freud. Akachunguza ndoto za watu wenye sonona, akitarajia kukuta hasira waliyojigeuzia wenyewe. Hakuiona. Alikuta watu wanaojiona wameshindwa, wasio na thamani, wasioona kheri yoyote mbele yao. Ndipo miaka ya 1960 akajenga tiba ya utambuzi. Utamhitaji Beck siku binti atakapokwambia, "Nimefeli somo moja, maisha yangu yameisha," nawe ulimi ukuwashe kumwambia ajikaze.

Ila pa kukazana kuliko pote ni kwenye mazoezi. Mnakaa watatu: mmoja mnasihi, mmoja mteja, mmoja mtazamaji. Mteja anasema, "Mama alifariki Februari. Nyumbani hakuna anayemtaja." Wengi wetu hapo tunarukia pole, kazi ya Mungu haina makosa, jitahidi usali. Maneno mema yote, na mlango umeshafungwa. Sasa jaribu kurudisha alichokisema tu: "Hakuna anayemtaja." Halafu nyamaza. Huo ukimya utakuwasha mwili mzima. Uvumilie, maana mara nyingi mteja hushusha pumzi na kusema kile alichokuja nacho hasa: kwamba anaogopa kuisahau sauti ya mama yake. Kujizuia namna hiyo hakuji kwa kusoma slaidi. Kunakuja kwa kurudia, kukosolewa, na kurudia tena.

Carl Rogers alilijua hilo. Akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, yeye na wanafunzi wake walirekodi mazungumzo ya unasihi kwenye santuri, kila moja ikibeba dakika chache tu, wakayaandika neno kwa neno ili wajisikie wenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha mahojiano yote manane ya mteja mmoja, tangu salamu hadi kuagana, makosa ya mnasihi yakiwa peupe kwa kila msomaji. Fikiria ujasiri huo! Wewe una simu mfukoni inayorekodi saa nzima bila shida.

Basi usisubiri mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu. Watafute wenzako wawili wiki hii, mtafute darasa tupu jioni, mkubaliane kwamba linalosemwa humo halitoki na kwamba rekodi itafutwa. Rekodini dakika kumi. Sikiliza mara ya kwanza umsikie mteja. Mara ya pili hesabu maswali uliyomrushia, na mahali ulipomkatiza. Andika hapo ungesema nini badala yake. Kisha fungua sura ya Rogers ile ile iliyokuchosha, uisome usiku huo huo.