Siri ya Mtungi

Somo: Yohana 2:1–11



Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Juma hili tuishike methali hiyo mkononi tunapoisoma tena harusi ya Kana, maana hapa Kampala harusi imekuwa mtihani wa imani kuliko tunavyopenda kukiri.

Kuna mume na mke ninaowajua. Nawaita hivyo kwa makusudi. Nimebadilisha mambo madogo madogo wasitambulike, nanyi nawaomba msiwatafute. Mume anaendesha bodaboda, mke anauza matunda. Wameishi pamoja miaka minane, wana watoto wawili, na kila Jumapili hukaa benchi la nyuma. Inapofika Meza ya Bwana, mama huinuka taratibu akamtoa mtoto nje, kama vile mtoto analia. Mtoto halii.

Siku moja niliwaita nikawauliza kwa nini hawajafunga ndoa. Mume akatazama viatu vyake. "Mchungaji, bado tunatafuta pesa." Nami, Mungu anisamehe, nikajibu: "Kamati yenu imefikia wapi?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Sikuuliza kama wanaheshimiana, wala kama wanasali pamoja, wala kama wazazi wao wanajuana. Nilianza na kamati.

Kila mkazi wa jiji hili anaijua kamati ya harusi. Tunakutana jioni kwenye bustani ya hoteli au uani kwa mtu. Bajeti inasomwa kifungu kwa kifungu: ukumbi, mapambo, keki, magari, mpiga picha, muziki. Aliyechelewa anatozwa faini. Keki inapigwa mnada. Kila mtu anasimama na kutamka ahadi yake, na kesho yake orodha iko kwenye WhatsApp: fulani ametoa, fulani bado. Sisemi kuchangiana ni kubaya. Wengi wetu tusingevaa pete bila marafiki. Lakini bodaboda wetu ana marafiki bodaboda wenzake. Amepiga hesabu ya mkutano wake kichwani, ameona viti vitupu na ahadi ndogo zikitangazwa kwa kipaza sauti, akaona heri benchi la nyuma.

Wapo wanaosema kosa ni la mila. Mimi sioni hivyo. Kwa Kiganda kwanjula ni kutambulisha: binti anamtambulisha kijana wake kwa wazee, ssenga, yaani shangazi yake, yupo kama shahidi, kaka wa binti anapokea jogoo wake, na koo mbili zinajuana. Mila ilidai jogoo. Makochi, friji na lori la soda tumeyaongeza wenyewe. Hata Mahakama ya Juu ya Uganda, tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, haikuyafuta mahari. Ilichokataa ni desturi ya kudai yarudishwe ndoa inapovunjika. Naona hekima hapo. Zawadi ikishaweza kudaiwa, imegeuka mkopo, na binti amegeuka rehani.

Sasa twende Kana. Divai imekwisha. Kwa familia ya kijijini, hiyo ni aibu itakayosimuliwa hadi kwa wajukuu. Mama yake Yesu ameiona. Tazameni anavyofanya: hamwiti mshereheshaji, haitishi mchango. Anamwendea Mwanawe na kumwambia kwa maneno machache kwamba hawana divai, kisha anawaambia watumishi wamtii. Mitungi sita ya mawe inajazwa maji hadi juu. Mkuu wa meza anayaonja yale maji yaliyogeuka divai, wala hajui imetoka wapi. Wanaojua ni watumishi walioyachota yale maji. Kata zimejua siri ya mtungi.

Na sifa ziliangukia wapi? Mkuu wa meza anamwita bwana harusi na kumsifu yeye kwa kuiweka divai nzuri hadi saa ile. Huyu bwana harusi hatajwi jina, wala hatamki neno lolote katika habari nzima. Anapongezwa kwa divai ambayo hakuinunua, na Yesu anamwacha apongezwe. Yohana anasema huo ulikuwa mwanzo wa ishara zake. Kabla ya kumponya mgonjwa, kabla ya kuwalisha maelfu, Bwana aliisitiri nyumba moja isiaibike mbele ya wageni.

Tusidhani jambo hili ni geni kwetu. Usiku wa kuamkia sherehe, majirani huja na visu vyao wakamenya matoke hadi alfajiri na kuyafunga kwenye majani ya mgomba. Hakuna anayeandika majina yao. Wao ndio wanaojua sufuria ni ya nani, mchele umeazimwa wapi, mkaa kaulipia nani. Mchana wageni wanakula na kumsifu mwenye nyumba, nao akina mama wananawa majivu mikononi na kunyamaza. Tumeishi na Kana miaka yote, kule nyuma ya nyumba, karibu na mafiga. Tulipohamia ukumbini tuliiacha huko.

Nimerudi kwa wale wawili kuwaomba radhi. Nimewaambia ndoa inataka ridhaa yao, baraka za wazazi, matangazo kanisani na mashahidi wawili. Ukumbi haumo. Kwa wazazi wa binti tutakwenda na jogoo, na maneno ya adabu nitayasema mimi.

Najua si wao peke yao. Benchi la nyuma ni refu. Kwa hiyo katika miezi ijayo mtasikia matangazo ya ndoa yakisomwa, na baada ya ibada fulani mtakuta chai na chapati nyingi kuliko kawaida. Msiulize nani kalipa. Mwenye kilo ya sukari aipeleke jikoni, asinipe jina lake.

Kwa juma hili: mtafute mtu mmoja aliyepungukiwa, awe wa ukoo wako au wa mtaa wako. Jaza mtungi wake. Kisha kaa kimya, hata akisifiwa yeye.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeisitiri nyumba ya Kana, zisitiri na nyumba zetu. Utufanye kata mkononi mwako: tuyaguse maji, tuijue siri, tusiitangaze. Nao walioketi benchi la nyuma, uwasogeze karibu na Meza yako. Amina.