Medali ya Askari: Heshima Hii ni Deni ya Nani?

Ushujaa ni nini, na nani mwenye haki ya kuupima? Tunauliza hivi juu katika miji yetu kuna familia zinazochunga medali ya nkambo ndani ya sanduku, bila kujua kama waifurahie ao waione haya. Nkambo alipigana vizuri, ni kweli. Lakini alipigania nani?

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Tarehe 19/9/1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora na kuwafukuza Wajerumani. Mwezi wa 7 mwaka 1941, kisha safari ndefu ya kupita Sudani, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao kule Saio, katika Etiopia. Medali zikagawanywa. Hata Kinshasa kuna avenyu Saio. Lakini askari yule yule aliyesifiwa aliweza kupigwa fimbo kambini, na mbele ya mwezi wa 7 mwaka 1960 hakuna Mukongomani hata mumoja aliyekuwa ofisa katika jeshi lile.

Kwa hiyo wengine wanasema: huyo alikuwa chombo cha mukoloni tu, ushujaa wake hauna maana. Sisi hatukubali. Ni kweli wengi waliingizwa jeshini kwa nguvu, na vita hawakuichagua. Lakini pale risasi zinapolia, kumurudia mwenzako aliyeanguka ao kumuacha, jambo hilo hakuna mukubwa anayeweza kukuchagulia. Pale njo mutu anaonekana. Bendera inaweza kuutumikisha ushujaa, lakini haiwezi kuuzaa. Tena kikosi cha Kongo kilichokwenda Burma kilikuwa hospitali ya vita: kazi yao ilikuwa kupokea na kutunza majeruhi. Kwa hivi kuua siyo kipimo cha ushujaa.

Desturi zetu zinasema nini? Tutazame Bwami ya Warega. Mule ndani mutu hapandi daraja juu ya nguvu za mikono. Anapanda kwa tabia njema, kwa ukarimu, na kwa musaada wa ndugu zake wanaosimama naye. Muke wake pia anapanda. Pasipo yeye, hawezi kufika Kindi. Na kofia anayovaa si pambo tu: inamufunga. Kuanzia siku ile anangojewa kupatanisha watu na kuishi bila fujo. Heshima ile ina mashahidi, na ina kazi. Ajabu ni hii: serkali ya kikoloni iliyokuwa ikitoa medali, njo ile ile iliyokataza Bwami mwaka 1948.

Medali ya jeshi inatoka juu na kumushukia mutu mumoja, kisha mambo yanaishia pale. Tarehe 8/6/2022, kule Kinshasa, Mufalme Philippe wa Ubelgiji alimuvalisha medali koplo Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100 aliyetumikia hadi Burma. Tulifurahi kuona muzee anaheshimiwa angali hai. Lakini vita ile ilikwisha mwaka 1945: miaka 77 ilikuwa imepita, na karibu wenzake wote walikuwa wamekwisha kulala kaburini. Na wale wabebaji, zaidi ya watu 200.000, waliobeba risasi na chakula katika vita ya 1914-1918? Bila mabega yao, hakuna askari angefika Tabora. Nani aliwafungia medali kifuani?

Basi tunafikiri kwamba ushujaa ni wa yule aliyeutenda, lakini heshima ni deni ya yule anayeitoa. Mwenye kumupa askari medali anakubali mbele ya watu kwamba ana deni kwake. Kama kisha pale askari anakosa dawa, ao mujane wake anafukuzwa kambini na watoto, deni haijalipwa, hata medali ingekuwa ya zahabu. Neno hili linatugusa sisi pia, maana vita katika Mashariki yetu vimeacha wengi wenye mikongojo, na wengi wetu tunapita karibu nao bila hata kuwasalimia.

Ndugu musomaji, kama medali ya nkambo iko nyumbani, uitoe katika sanduku. Usiifiche kwa haya, wala usijivune nayo bure. Uliza wazee wangali hai: alitembea na nani, nani alimubebea, nani hakurudi. Majina hayo uyaandike, na watoto wayajue.